Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mikeka na maonyesho ya kijiwe chetu cha kahawa, Magomeni

Maswali haya tunaulizwa kila wiki, mengine mara tatu kwa jioni moja, na anayeulizwa mara nyingi ni muuza kahawa wetu ambaye mikono yake yote miwili ina kazi. Tumeyaandika ili naye apumue. Kama swali lako halimo, pita barazani. Kuanzia saa kumi jioni hapakosi mtu.

Mkeka ni nini? Ni ule wa kubeti?

Sio huo. Wetu ni wa ukindu, na ukichanika tunaushona. Kila Alhamisi baada ya sala ya Isha tunatandika mikeka uani, chini ya mwarobaini, watu wanakaa duara na ala zao. Hakuna jukwaa, hakuna maiki, hakuna orodha ya wapigaji. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, aliyekuwa kimya anashika manyanga, na wimbo unakwenda mpaka uchoke wenyewe. Watu wa bendi wanaita kujam. Asiye na ala ana viganja, na kwa kweli wapiga makofi wazuri ni adimu kuliko wapiga ngoma, kwa hiyo usijione umekuja mikono mitupu.

Onyesho ni jambo jingine. Hilo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi: tunaalika kikundi kimoja, wao wanapiga, sisi tunakaa na kusikiliza. Wanaopenda kuingilia kati waje Alhamisi.

Msimu huu kuna nini?

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu ni kidumbak. Mwezi ujao ni zeze na marimba za Wagogo, zile za mkono zenye vijiti vya chuma, ule unaofuata ni taarab asilia, halafu tutafunga msimu na litungu la Wakurya, ala ya nyuzi ambayo wengi wa mjini hapa wameisikia redioni tu. Majina ya wapigaji tunayaandika ubaoni pale mlangoni wiki moja kabla, si mapema zaidi. Tulishaumbuka: tulitangaza kikundi miezi miwili kabla, gari lao likawafia njiani, na uani tukawa na watu waliofunga safari toka Tegeta na Chanika wanatutazama usoni.

Kwa wasiojua kidumbak: ni ndugu wa taarab, ila yule asiyesubiri kukaribishwa kiti. Kuna fidla moja, ngoma mbili ndogo za udongo zilizowambwa ngozi upande mmoja, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa, na sanduku. Sanduku ndilo linalowashangaza wageni. Ni sanduku hasa, la mbao, linalopinduliwa mdomo chini, likachomekewa fimbo na kamba moja. Mpigaji anavuta fimbo, kamba inakaza, sauti inapanda, akiilegeza, inashuka. Ndiyo besi yote hiyo. Nyimbo zinaunganishwa bila kupumzika kama harusini, na mwisho hata wazee waliokuja wamekunja nne wanajikuta wamesimama.

Taarab asilia nayo haihitaji matangazo mengi kwa watu wa Magomeni. Itakuwepo ganuni, udi, fidla na kodiani, bila kinanda cha umeme. Vijana hudhani taarab ni ya Unguja peke yake, lakini Dar es Salaam ilikuwa na klabu zake kabla ya Uhuru, Egyptian na Al-Watan, na wapo wazee wanaofika hapa ambao wazazi wao waligombana kwa sababu ya ushabiki huo. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alikuwa anaimba Kiswahili wakati taarab ya ikulu ya Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Hilo jambo tunapenda kulikumbusha kila anapotokea mtu kudai kwamba muziki wa asili haubadiliki.

Kiingilio ni shilingi ngapi?

Mkeka ni bure. Kapu linapita mara moja, katikati, na ukiwa huna unalipokeza kwa jirani bila maelezo. Onyesho lina kiingilio, nacho kinaandikwa ubaoni pamoja na jina la kikundi, kwa sababu kikundi cha watu wanne kutoka Temeke na kikundi cha watu kumi kutoka Dodoma hawana nauli sawa. Pesa ya mlangoni ni ya wapigaji. Sisi tunabaki na ya kahawa.

Naruhusiwa kutunza?

Unaruhusiwa, na siku ya taarab usipotunza utaonekana umenuna. Lakini kutunza kuna adabu yake. Subiri ubeti uishe, nenda kwa madaha yako, noti weka mkononi au kwenye sahani iliyo mbele ya mwimbaji, rudi. Usimbandike mtu noti kwenye paji la uso kama hujui anapenda. Na ukitunza kwa sababu ubeti fulani umemgonga jirani yako mliyenuniana naye, hayo ni yenu. Tumeshayaona, na tunaomba tu mnuniane kwa sauti ya chini.

Kwenye mkeka wa Alhamisi hatutunzi mtu mmoja mmoja. Pale wote ni wapigaji.

Nataka kuimba mkekani. Kuna masharti?

Lipo moja. Kabla hujaanza, sema wimbo umeutoa wapi.

Hatutaki hotuba. "Huu nimeupata kwa bibi mzaa mama, Kisarawe, alikuwa anauimba akitwanga" inatosha. "Nimeusikia kwenye daladala, sijui ni wa nani" nayo inatosha, tena hiyo ndiyo huleta mambo, kwa sababu mara nyingi kuna mtu upande wa pili wa duara atakayesema huo ni wa kwetu, na hapo katikati umekosea. Jioni nzima imeshawahi kuishia hapo, watu wawili wa wilaya mbili wanagombea wimbo mmoja wa kuvunia mtama, kila mmoja na maneno yake, na wote wawili wana haki.

Sharti hili lina sababu. Wimbo wa asili hauna jina kwenye jalada, kwa hiyo ni rahisi kuuchukua. Miaka michache nyuma mzee mmoja wa Dodoma aliyekuwa akija hapa alimfundisha kijana wimbo wa kuchungia ng'ombe. Alimkalisha chini wiki tatu, akamrekebisha mpaka matamshi. Baada ya miezi kadhaa tukausikia kwenye simu za watu, umewekewa kinanda, umeandikwa mtunzi ni yule kijana. Sisi tulipandisha hasira. Mzee aliusikiliza wote akiwa ameinamisha kichwa, akaomba urudiwe, kisha akasema ubeti wa tatu ameukosea. Tangu siku ile kila mtu anataja alikoutoa, hata ukiwa ni wimbo wa watoto wa kuruka kamba.

Sina sauti nzuri. Na kilugha chetu sikijui vizuri.

Waitikiaji hawahitaji sauti nzuri, wanahitaji kuwahi. Nyimbo nyingi za kwetu zina kiongozi na kiitikio: kiongozi anabadilisha maneno anavyotaka, kundi linarudia mstari ule ule. Ukikaa dakika tano utakuwa umeushika. Kuhusu lugha, wengi hapa wamezaliwa Dar na wanaimba Kigogo, Kisukuma au Kimakonde kwa kukariri. Uliza maana kabla ya kuimba kwa mbwembwe, basi. Kuna dada mmoja alituimbia wimbo mtamu kwa tabasamu kubwa, akaja kuambiwa na shangazi yake kwamba ni wa kumsindikiza maiti.

Nina gitaa. Naweza kuja nalo?

Njoo nalo, ila lilaze mapajani kwa nyimbo mbili tatu za kwanza. Tutaeleza kwa nini, maana hili swali lina watu wengi.

Gitaa na kinanda vimepangwa kwa hatua zinazolingana, 12 ndani ya oktava moja. Marimba ya mkono ya Wagogo haikupangwa hivyo. Imefuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti nyingine, kama zile zinazotoka kwenye bomba moja ukizidi kulipuliza kwa nguvu bila kuziba tundu lolote. Wagogo wanaimba hivyo hivyo, na zeze inafuata humo humo. Sasa, kati ya sauti hizo, ile ya saba ukihesabu kutoka chini iko chini ya ile ya gitaa kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Kwa kusoma ni kitu kidogo. Kwa kusikia ni kokoto kwenye wali.

Wapiga gitaa wanapoisikia hiyo kokoto, wa kwanza kulaumiwa ni marimba: haijatiuniwa. Imetiuniwa, tena tangu asubuhi. Vile vijiti vya chuma vinasogezwa ndani na nje kwa kugongwa taratibu, kimoja kimoja, na ukimwambia mzee avisogeze vyote vikufuate wewe, umemwambia ahamishe nyumba kwa sababu mgeni mmoja hapendi mlango ulipo. Usimwambie. Legeza uzi mmoja wa gitaa mpaka ukubaliane na marimba, piga huo na zile nyingine mbili zinazopatana nao, acha zilizobaki. Au zima nyuzi zote kwa kiganja upige mdundo tu. Kaka mmoja wa bendi ya dansi, mtu wa miaka mingi kazini, alikaa mkekani miezi minne akipiga uzi mmoja. Siku hizi mzee wa marimba asipomwona anauliza yuko wapi.

Kidumbak na taarab havina shida hiyo kwa kiasi hicho, ingawa baadhi ya maqamu ya taarab, yaani ngazi zake za sauti, yana robo toni ambazo gitaa halina. Fidla haina vizuizi shingoni, inakwenda popote inapotaka, ndiyo maana kila mtu anaipenda.

Mbona ile marimba inakwaruza kama spika mbovu?

Ni makusudi. Kwenye ubao wake kuna tundu dogo lililozibwa kwa utando mweupe, ule buibui anaoutengeneza kufunikia mayai. Chuma kikilia, utando unatetema, na huo mkwaruzo ndio unaoipa marimba uhai wake. Bila huo mpigaji anasema imekufa. Utando ukipasuka katikati ya wimbo anasimama kutafuta mwingine, na ndiyo sababu kuna kona moja ya stoo yetu ya mkaa haifagiliwi. Tafadhali wageni wenye moyo wa usafi, mwacheni buibui wetu.

Tangazo linasema saa mbili usiku. Mbona mnaanza saa mbili na nusu?

Kwa sababu ya ngozi. Hewa ya Dar ina unyevu, ngozi inalegea, na ngoma iliyolegea inatoa sauti kama mtu anapiga godoro. Kwa hiyo saa moja na nusu tunawasha moto nyuma ya ua, wa maboksi na makuti makavu, moto wa muda mfupi wenye mwali mkubwa. Mpigaji anaishika ngoma kwa ubavu, anaielekeza ngozi motoni, anaizungusha kidogo kidogo, anaitoa, anaigonga kwa ncha ya kidole karibu na sikio, anatikisa kichwa, anairudisha. Hakuna mtu wa kumwambia harakisha. Akikosea kwa pumzi mbili ngozi inapasuka, na ngozi ya mbuzi hailingani na bei ya maboksi. Masika kazi hii inafanyika mara mbili, mwanzo na katikati. Njoo saa moja na nusu ukae karibu na moto. Kwa wengine wetu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Zipo nyimbo msizoruhusu?

Zipo. Nyimbo za jando na unyago hatuzipigi mkekani, hata kama anayejua yupo na yuko tayari. Zina mahali pake na watu wake, na uani petu kuna watoto, wapita njia na watu wenye simu. Nyimbo za matambiko vivyo hivyo, mpaka mwenye mji wake aseme. Hatuzikatai kwa aibu. Tunazikataa kama unavyokataa kufungua barua ya mtu.

Mapigo ya ngoma hizo ni kitu kingine. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipanda majukwaa ya Ulaya na ngoma yake ya unyago imefungwa kiunoni, na alijua mwenyewe nini cha kusema pale na nini cha kuacha chumbani.

Wanawake wanapiga ngoma, au wanaimba tu?

Aliyeuliza hili hajamwona mama wa Kigogo amebana muheme mapajani. Muheme ni ngoma ya wanawake. Wanaume hapo ndio wanaoitikia. Karibu.

Na singeli? Hiyo nayo ni asili?

Hapa ndipo kijiwe kinapogawanyika, na aliyeandika majibu haya ana upande wake, kwa hiyo vumilia.

Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Ni ngoma inayotembea: inatoka kwenye shughuli, inashika barabara, na watu wanaifuata mitaa mitatu bila kujua inakokwenda. Vijana wa uswahilini walichukua mapigo ya aina hiyo wakayatia kwenye vinanda vidogo vya Casio na spika za kuunga, ukawa mchiriku. Mchiriku ulipokimbizwa zaidi ikawa singeli, na leo inapita mapigo 200 kwa dakika. Ukiondoa kompyuta na kupunguza kasi, unamkuta babu yake amekaa palepale.

Wanaosema ngoma ya mjini haiwezi kuwa ya asili wakumbuke beni. Zaidi ya miaka 100 iliyopita watu wa pwani walitazama bendi za askari wa kikoloni, wakatengeneza ngoma yao yenye gwaride, vyeo na sare, na Dar es Salaam ikagawanyika kati ya vikundi viwili, Marini na Arinoti. Wapo waliosema ni uhuni ule, wa kuiga Wazungu. Leo beni iko kwenye vitabu vya historia.

Kwa hiyo kijana wa singeli akija mkekani tunamkaribisha kwa masharti mawili: kompyuta inabaki kwenye begi, na maneno yawe yale anayoweza kuyasema mbele ya mama yake. Alhamisi moja walikuja watatu, wakarap juu ya ngoma mbili na kopo. Mzee mmoja aliondoka kwa hasira. Wengine wawili waliwauliza kama wiki ijayo wanakuja.

Naruhusiwa kurekodi kwa simu?

Dakika moja ya kumbukumbu yako, ndiyo. Wimbo mzima, muulize anayeimba, si sisi. Ukitaka kuuweka mtandaoni, andika jina lake na alikosema ameutoa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda hata mpigaji, si mtunzi peke yake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo, lakini sisi tungependa mambo yaishie kwenye adabu kabla ya kufika ofisini. Na usiwashe taa ya simu usoni kwa mtu aliyefumba macho anaimba.

Watu wa vyombo vya habari waje mchana kwanza, tunywe kahawa.

Kahawa yenyewe ikoje?

Chungu. Haina sukari, haina maziwa, inatoka kwenye dele iliyokaa juu ya mkaa na inanywewa kwa vikombe vile vidogo. Utamu uko kwenye kashata, ya karanga au ya nazi, unauma kidogo unanywa kidogo. Tangawizi ukitaka, sema. Buni tunakaanga wenyewe Jumatano, tunachanganya ya Kilimanjaro na ya Kagera: ya Kilimanjaro kwa harufu, ya Kagera kwa kukuzuia kulala. Mgeni wetu mmoja wa Bukoba hutuletea zile za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa kama wanavyofanya kwao kumkaribishia mtu. Zikiwepo, utaona kisahani mezani.

Kuna jambo moja la kueleza. Muuza kahawa wa mitaani anajitangaza kwa kugonganisha vikombe mkononi, na wetu ametoka huko. Mwanzoni tulimwomba asigonge watu wakipiga. Akaacha, akakaa kama mtu aliyefungwa. Baada ya wiki kadhaa, katikati ya wimbo mmoja wa mwendo wa polepole, tukasikia vikombe vinaingia taratibu kule nyuma, viwili viwili, kwenye nafasi ambayo ngoma ilikuwa inaiacha wazi. Hakuna aliyegeuka. Siku hizi akiacha kugonga tunajua wimbo umeharibika.

Pombe hatuuzi, na usije nayo.

Nafikaje?

Panda mwendokasi, shuka Magomeni Mapipa, kisha ingia mitaani kwa miguu. Hazizidi dakika saba. Ukitoka Kimara, Kivukoni au Gerezani ni njia moja. Wa Kigamboni wavuke kwa pantoni, wapandie Kivukoni. Wa Mbagala waje mpaka Kariakoo wabadilishe. Ukipotea uliza kijiwe cha kahawa chenye ngoma, lakini usimwulize bodaboda aliyeegesha kona ya msikiti, atakupeleka kwa shemeji yake anayeuza chipsi.

Gari binafsi halina pa kuegesha. Kweli kabisa, hapana.

Tunamaliza saa nne usiku kamili. Majirani wametuvumilia kwa sababu ya hiyo saa nne.

Mvua ikinyesha? Umeme ukikatika?

Umeme ukikatika hutajua, ila utaona taa ya chemli imewashwa. Faida ya ala zisizo na waya ni hiyo.

Mvua ni habari nyingine. Mvua ndogo tunahamia ukumbini na barazani, tunabanana. Mvua kubwa, hasa ya masika, ikijaza bonde la Jangwani, barabara ya Morogoro inafungwa na mwendokasi unasimama, na sisi tuko ng'ambo ya pili kwa wanaotoka mjini. Siku kama hiyo usijaribu. Waliokwama upande wetu watapiga wenyewe, na wiki inayofuata watakusimulia kwamba haijawahi kutokea Alhamisi kama ile. Usiwaamini sana.

Ramadhani mnafunga?

Ngoma tunazipumzisha mwezi mzima. Kahawa ipo baada ya tarawehe, na hadithi. Mkeka unarudi Alhamisi ya kwanza baada ya Idd.

Kukiwa na msiba mtaani nako hatupigi, hata kama onyesho limetangazwa na kikundi kimeshafika. Tunakwenda msibani, kikundi kinakuja nasi, kiingilio kinarudishwa. Hili halina mjadala.

Watoto? Choo? Intaneti?

Watoto waje, wakae mbele, wasishike zeze bila kuuliza. Choo kipo nyuma, kandambili ziko mlangoni. Intaneti haipo.

Nataka kujifunza kwa dhati. Niende wapi?

Mkeka utakufundisha kusikiliza, na nyimbo kadhaa. Zaidi ya hapo nenda Bagamoyo, TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kama kilomita 70 toka hapa. Ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na ngoma za mikoa mingi zinafundishwa pale na watu wanaozijua. Marehemu Hukwe Zawose, yule bwana wa zeze na marimba aliyezaliwa Dodoma na kuzipigia dunia nzima, aliishi Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003, na jamaa zake wameendelea na kazi. Kwa taarab, udi na ganuni, Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002.

Kuhusu kununua ala: ngoma nyingi za maduka ya vinyago zimetengenezwa kukaa sebuleni. Nzuri kwa macho. Kabla hujalipa, iweke ngoma juani nusu saa kisha uigonge. Kama sauti haijapanda hata kidogo, ngozi imegundishwa kwa pambo. Zeze nayo, kaza uzi, weka chini, maliza kikombe cha chai, rudi uipige. Ikiwa imeshuka, kigingi hakishiki. Bora zaidi njoo Alhamisi useme unatafuta, maana wapo wanaotengeneza na wanakuja na kazi zao begani.

Bibi yangu anajua nyimbo nyingi za zamani, lakini ana aibu na miguu inamsumbua. Nimlete?

Mlete. Mwambie anakuja kunywa kahawa tu, usimtajie kuimba. Fika naye saa kumi na moja jioni kabla hapajajaa. Kuna kiti cha mkono karibu na mwarobaini, hicho hakikaliwi na kijana. Msikae naye wawili peke yenu, mkalishe na wenzake. Hapo katikati mtu atapiga wimbo wa watu wa kwao na kuukosea kidogo, wakati mwingine kwa makusudi, na sisi tutanyamaza. Tupigie siku moja kabla utuambie anatoka wapi, ili tujue ni wimbo gani wa kukosea.